Mkibaki Wachache: Vidokezo vya Kuanza Upya kutoka Pitcairn

Umeme ukikatika usiku na watoto wakakusanyika kwenye taa ya kandili, swali hili huwa halichelewi: watu wote wakifa, wakabaki wachache tu, dunia itajaa tena? Wakubwa wengi hulijibu kwa kuwatuma watoto wakalale. Mimi nimelitafutia jibu kwa miaka, na jibu langu ni ndiyo, inawezekana. Wachache wamewahi kuanza upya, mahali panapojulikana, na majina yao tunayo.

Mahali penyewe ni Pitcairn, kisiwa cha mwamba katika Pasifiki ya Kusini, kisichofika hata kilomita 5 za mraba. Januari 1790 ilitia nanga hapo merikebu ya Kiingereza iitwayo Bounty. Miezi tisa kabla, baharia Fletcher Christian na wenzake walikuwa wamemwasi nahodha wao, William Bligh, wakamshusha kwenye mashua na kumwacha baharini. Sasa walikuwa wanajificha wasinyongwe. Walikuwa waasi 9, wanaume 6 wa Tahiti na visiwa jirani, wanawake 11 au 12 (simulizi zinapishana), na mtoto mchanga mmoja wa kike. Jumla hawafiki 30. Wakashusha mizigo, wakaichoma merikebu, na kwa miaka 18 dunia haikujua walipo.

Mwaka 1808 meli ya Kimarekani, Topaz, ilifika hapo kwa bahati. Ikakuta watoto na vijana zaidi ya 20, wanawake kadhaa, na mwanaume mtu mzima mmoja tu, John Adams. Ilipofika 1856 walikuwa karibu 200.

Kwa hiyo waliongezeka. Lakini rudi kwenye ile hesabu ya wanaume. Walishuka 15. Kati yao 12 waliuawa na binadamu wenzao, mmoja alijiua, mmoja alikufa kwa pumu, akabaki mmoja. Njaa haikuua hata mmoja wao, wala papa, wala kimbunga. Tunapowaza siku za mwisho huwa tunawaza chakula na moto. Pitcairn inatuambia tuanze na kitu kingine.

1. Gaweni ardhi siku ya kwanza, na kila mtu apate

Kisiwa kilikuwa na udongo mzuri, mishelisheli, migomba, nazi na viazi vikuu. Kilitosha watu mara kadhaa ya wale. Waasi walikigawa kisiwa mafungu tisa, fungu moja kwa kila Mzungu. Wale wanaume sita wa Polinesia hawakupewa hata shamba la kuotesha kiazi. Watu waliokuwa na ardhi yao na heshima zao nyumbani wakageuzwa vibarua kwenye kisiwa ambacho wao ndio walijua kukilima.

Likaja na suala la wake. Kila mwasi alijichukulia mwanamke mmoja, na wale wanaume sita wakaachiwa wanawake watatu. Kisha mke wa mwasi mmoja, John Williams, akafariki, naye akadai apewe mke wa mmoja wa wale sita, akapewa. Damu ilianza kumwagika hapo. Septemba 1793, kwa siku moja, waasi watano waliuawa, Christian akiwa miongoni mwao. Muda mfupi baadaye wanaume wote sita wa Polinesia nao walikuwa wamekufa.

Nimewahi kusikia mtu akisema kuwa hao walikuwa wahalifu tangu mwanzo, tusiwafanye mfano. Sikubaliani naye. Ugomvi wao ni ule ule unaopeleka ndugu kwenye baraza la ardhi la kata kila wiki: nani kapimiwa, nani karukwa, na nani kachukua kisicho chake kwa sababu ana nguvu. Mkiwa milioni, ugomvi wa namna hiyo unaumiza ukoo mmoja. Mkiwa 27, unafuta zaidi ya theluthi ya watu wote waliopo. Kwa hiyo kabla ya kujenga hata kibanda, kaeni chini mpime, kwa kamba au kwa hatua, kila mtu mzima apate fungu lake na wote washuhudie.

2. Msimchukue mtu asiyekubali

Hiki ni kidokezo kifupi, lakini nakiweka juu kwa makusudi. Wengi wa wanawake wa Bounty hawakuchagua safari. Walikuwa wamepanda melini kama wageni, merikebu ikang'oa nanga usiku wakiwa ndani. Mwaka 1794, baada ya yale mauaji, walijitengenezea mashua ili waondoke kisiwani, mmoja wao akibomoa mbao za nyumba yake mwenyewe ili zipatikane za kutosha. Mashua ikapinduka karibu na ufuo, wakarudi.

Wanaochora mipango ya kuanzisha ubinadamu upya hupenda kuhesabu matumbo ya uzazi kama wanavyohesabu magunia. Wanawake hao walikuwa tayari kuingia bahari kuu kwenye chombo kibovu kuliko kubaki. Jamii inayokimbiwa namna hiyo na nusu ya watu wake haijaanza bado.

3. Idadi ndogo isiwatishe, ila msikae wachache kwa muda mrefu

Sasa tuje kwenye hofu inayotajwa kuliko zote, kwamba watu wachache wataoana wenyewe kwa wenyewe na kuharibika. Ina ukweli, lakini hesabu yake si ya kutisha kama wengi wanavyodhani.

Kila mtu hubeba tofauti za urithi alizopata kwa wazazi wake. Ukichukua watu 10 wasio ndugu, wakazaana, kizazi kinachofuata huwa kimebakiza takribani 95% ya tofauti zilizokuwamo kwenye jamii walikotoka. Wakiwa 27, ni kama 98%. Hasara ya kizazi kimoja ni ndogo. Balaa ni kubaki hapo hapo. Wale 10 wakiendelea kuwa 10 kwa vizazi kumi, hubaki na takribani 60% tu, na maradhi yaliyokuwa yamejificha kwenye damu huanza kujitokeza kwa watoto. Hivyo la muhimu ni idadi kupanda upesi, watoto waishi, na wao wapate watoto.

Pitcairn walikuwa na bahati nyingine ambayo hawakuipanga: baba wa upande mmoja wa dunia, mama wa upande mwingine. Mwanaanthropolojia wa Marekani Harry Shapiro alipowachunguza wazao wao katika karne ya 20, alikuta watu wenye afya njema na miili mikubwa.

Upande wa pili wa shilingi uko Pingelap, kisiwa kidogo cha Mikronesia. Karibu na mwaka 1775 kimbunga kikubwa kilikipiga, na baada ya kimbunga na njaa iliyofuata wakabaki watu wapatao 20, mfalme wao akiwamo. Wakazaana, wakarudi kuwa mamia. Lakini mmoja wa wale waliosalia, na wengi wanaamini ni mfalme mwenyewe, alikuwa amebeba kasoro ya urithi inayomfanya mtu asione rangi kabisa na aumizwe na mwanga wa jua. Kwingineko duniani mtu wa namna hiyo ni mmoja kati ya makumi ya maelfu. Pingelap ni kati ya mmoja kwa kumi na mmoja kwa ishirini.

Na bado watu hao wanaishi, wanaoa, wanalea. Wengine wao ni wavuvi hodari wa usiku, kwa sababu giza halisumbui macho yao kama jua la mchana. Niliposoma habari zao niliacha kusema kwamba damu "huharibika".

Kwa wanaotaka namba ya kushika mkononi, mwaka 2018 Frédéric Marin na Camille Beluffi walikokotoa kwa kompyuta ni watu wangapi wangehitajika kwenye chombo cha angani kitakachosafiri vizazi kwa vizazi hadi nyota jirani, bila wasafiri kuharibikiwa na urithi. Jibu lao lilikuwa 98, kwa masharti makali ya nani azae na nani. Watu 98 ni daladala tatu zilizojaa.

4. Wekeni nasaba, na mzee mmoja azijue zote

Hapa Afrika Mashariki tuna mazoea mawili yanayopingana. Pwani, ndoa ya binamu ni jambo la kawaida na hata la heshima. Bara, makabila mengi hayakubali mtu aoe ndani ya ukoo wake, na kabla ya posa wazee huketi kuulizana babu wa babu alikuwa nani. Kwa jamii kubwa, kila mila ina hekima yake. Kwa watu 27, igeni wale wazee wa posa. Mtoto wa mabinamu wa kwanza waliooana huwa na uwezekano wa moja kwa kumi na sita wa kupokea nakala mbili za jeni moja ile ile kutoka kwa babu au bibi mmoja wa wazazi wake. Vizazi viwili vya kusahau nani ni nani vinatosha kuikuza hatari hiyo. Andikeni kwenye ngozi, kwenye jiwe, au mtoto akaririshwe. Kukariri nasaba kunaweza kufanyika jioni mnapomenya mihogo.

5. Anayejua kupika ndiye mhandisi wenu

Waasi wa Bounty, karibu wote, walikuwa mabaharia. Walijua kamba, matanga na bunduki. Kwenye kisiwa cha Pasifiki ujuzi huo uliisha kazi mara meli ilipoungua. Waliowaweka watu hai ni wanawake: kuoka kwenye tanuri la ardhini kwa mawe ya moto, kujua kipi huliwa na kipi huachwa, kuvua kwenye miamba, na kutengeneza nguo. Nguo za Ulaya zilipochakaa, wanawake walipondaponda magome ya miti wakatengeneza tapa, nguo ya gome, jamaa wa lubugo ya Waganda na Wahaya. Vipande vya tapa vinavyotajwa kuwa kazi ya mikono ya Mauatua, aliyekuwa mke wa Christian, vimehifadhiwa hadi leo kwenye makumbusho nchini Uingereza. Mikono kama hiyo ilivika kisiwa kizima.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mhogo mchungu una sumu. Anayeujua huumenya, huuloweka siku kadhaa, huuanika, kisha huutwanga, na unga wake ni salama. Asiyejua, au anayelazimishwa na njaa kufupisha siku za kuloweka, anaweza kupata konzo, maradhi ya kupooza miguu ambayo jina lake limetoka kwa Wayaka wa Kongo. Konzo imewahi kuonekana Msumbiji na Tanzania pia, mara nyingi mwaka wa ukame au vita. Dada anayejua kwa kunusa tu kwamba mhogo huu bado haujawa tayari ndiye wa kumlinda kuliko mwenye bunduki.

Kwa hiyo siku ya pili, baada ya kugawa ardhi, mzungukeni kila mtu muulizane: wewe unajua nini kwa mikono yako? Msiridhike na cheo alichokuwa nacho.

6. Ujuzi wa kila mtu ufundishwe kwa wawili

Kaskazini-magharibi mwa Greenland waliishi Inughuit, watu mia moja na ushei, waliotengwa kabisa na barafu. Mskoti John Ross alipowafikia mwaka 1818, aliambiwa kuwa walidhani hakuna watu wengine duniani. Hebu fikiria, jamii nzima iliyoishi ikiamini kwamba ni wao tu waliobaki.

Watu hao walikuwa wamepoteza vitu ambavyo babu zao walikuwa navyo. Hawakuwa na mtumbwi wa ngozi wa kuvulia. Hawakuwa na upinde na mishale, wala mkuki wa meno wa kuchoma samaki mtoni. Walikuwa wakiwaona kulungu wa barafuni wakipita na hawakuwa na namna ya kuwapata. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba maradhi yaliwafagia wazee waliojua kutengeneza vitu hivyo, na vijana waliosalia hawakuweza kuvibuni upya. Watu hodari, wenye akili timamu, walishindwa kwa miaka mingi kurudisha kifaa ambacho babu zao walikishika. Mtumbwi wa ngozi una siri nyingi ndogo ndogo, na siri hizo zilizikwa na wenyewe.

Miaka ya 1860 kundi dogo la Inuit wa Kisiwa cha Baffin, wakiongozwa na Qitdlarssuaq, liliwasili baada ya safari ya miaka mingi kwenye barafu. Wageni hao wakawafundisha tena kila kitu: mtumbwi, upinde, mkuki wa samaki. Sijaona mahali pengine ambapo ule msemo wetu wa mgeni njoo mwenyeji apone umetimia kwa ukamilifu namna hiyo.

Nyinyi msingoje mgeni. Fundi chuma awe na wanafunzi wawili, mkunga awe na wanafunzi wawili, anayejua kutega naye vivyo hivyo. Mmoja hatoshi, kwa sababu mmoja anaweza kuumwa na nyoka kesho.

7. Msipande wote chombo kimoja

Tristan da Cunha ni kisiwa cha Atlantiki ya Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwa jirani wa karibu. Jamii yake ilianza mwaka 1817, pale askari William Glass na wenzake wachache walipoomba kubaki kikosi chao kikirudi. Novemba 1885 wanaume 15 wa kisiwa walipanda mashua moja kuifuata meli iliyokuwa ikipita, wakitaka kubadilishana bidhaa. Hawakurudi. Karibu wanaume wote wenye nguvu walikwenda siku ile, na pakabaki kisiwa cha wajane. Waliokoka, na wazao wao wako huko mpaka leo wakilima viazi. Ila kila ninapokumbuka asubuhi ile, nafikiri kwamba saba wangetosha kwenda.

8. Mbegu kwanza, chakula baadaye

Bibi yangu alining'iniza mahindi ya mbegu juu ya jiko la kuni. Moshi uliwafukuza wadudu, na hakuna aliyethubutu kuyagusa hata kama ghala lilikuwa tupu. Alichagua mahindi makubwa kabla hatujaanza kula, wala hakungoja yabaki.

Jambo ambalo bibi hakulazimika kulijua ni mbegu chotara. Mahindi mengi ya dukani leo ni chotara: ukipanda yale uliyovuna, msimu wa pili yanapungua nguvu na hayafanani tena na mama yake. Mkibaki wachache, tafuteni mbegu za kienyeji kwenye vijiji, zile zilizozoea kupandwa na kupandwa tena. Mhogo, viazi vitamu na migomba havihitaji mbegu kabisa. Kipande cha shina au chipukizi kinatosha, na mhogo hukaa ardhini miezi mingi ukiwasubiri.

Iko ghala ya mbegu ya dunia, Svalbard, kaskazini mwa Norway, iliyofunguliwa mwaka 2008 ndani ya mlima wenye baridi. Ilishasaidia kweli: mwaka 2015 watafiti walitoa mbegu huko baada ya vita vya Syria kuwatenga na hazina yao ya Aleppo. Nafurahi kwamba ipo. Lakini Svalbard ni mbali, na mahindi ya juu ya jiko yako karibu.

9. Maji, mikono, na kijiko cha sukari

Watakaowaua watoto wenu kabla ya simba ni wadudu wasioonekana. Chemsheni maji. Kuni zikiwa haba, jazeni maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, muilaze juani kwa saa sita, na kama kuna mawingu mengi, siku mbili. Mtoto akiharisha, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo bila kuacha. Mchanganyiko huo mnyonge umeokoa watoto wengi kuliko hospitali nyingi za fahari.

Na mkunga anawe mikono kabla hajamgusa mama. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba katika wodi ya Vienna iliyohudumiwa na madaktari, waliotoka moja kwa moja kupasua maiti, wazazi walikufa kwa wingi kuliko ile ya wakunga. Akawaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vikaporomoka. Sabuni mnaweza kuitengeneza kwa mafuta na majivu. Msingoje kukumbushwa na msiba.

10. Pombe, bado kwanza

Mmoja wa waasi wa Pitcairn, William McCoy, alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha pombe huko Scotland. Mwaka 1798 alifanikiwa kutengeneza pombe kali kwa mizizi ya mmea wa ti uliokuwa ukiota Pitcairn. Muda si mrefu alijirusha kutoka kwenye genge akafa. Mwenzake Matthew Quintal akazidi kulewa na kutisha watu, mpaka mwaka 1799 mwasi mwenzao Edward Young na John Adams wakamuua kwa shoka. Wanaume wanne waliokuwa wamesalia wakawa wawili. Sisemi hili kwa sababu za dini. Kundi dogo halina mahali pa kumkimbia mlevi mwenye shoka.

11. Mlango ubaki wazi, lakini kizingitini pawe na siku za kusubiri

Waasi walipofika Pitcairn walikuta majukwaa ya mawe na shoka za mawe. Wapolinesia walikuwa wameishi pale kabla yao, vizazi vingi, wakibadilishana bidhaa na Mangareva, zaidi ya kilomita 500 kwa mtumbwi. Biashara hiyo ilikatika, na baada yake kisiwa kikabaki kitupu. Tristan walielewa somo hilo mapema: wanaume wapweke wa kisiwa walimwomba nahodha aliyekuwa akipita awatafutie wenza, na mwaka 1827 wanawake watano wakaja kutoka St Helena.

Hata hivyo mgeni huleta na kikohozi. Mwaka 1831 watu wote wa Pitcairn, 80 na ushei, walihamishiwa Tahiti kwa hofu ya ukosefu wa maji. Miili yao haikuwa imezoea maradhi ya huko. Ndani ya miezi michache zaidi ya kumi walikufa, akiwamo Thursday October Christian, mtoto wa kwanza kuzaliwa kisiwani. Waliosalia walirudi kwao mwaka huo huo. Mkikutana na kundi jingine, washeni mioto miwili, mmoja upande wao, mmoja upande wenu, ongeeni kwa mbali kwa wiki mbili au tatu, ndipo mshikane mikono.

12. Asiye na nguvu awe na wa kumsikiliza

Mwaka 1838 Pitcairn waliandikiwa sheria zilizowapa wanawake haki ya kupiga kura sawa na wanaume, na watoto kulazimika kwenda shule. Kisiwa cha watu mia moja kilizitangulia dola kubwa kwa miongo mingi. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani kwa furaha.

Lakini sitawaficha yaliyotokea baadaye. Mwaka 2004 wanaume saba wa kisiwa hicho walifikishwa mahakamani kwa ukatili wa kingono dhidi ya wasichana, uliofanyika kwa miaka mingi, na sita kati yao walipatikana na hatia. Kisiwa kilikuwa na watu wasiofika 60, kila mtu ndugu ya mwenzake, na msichana hakuwa na mlango wa kugonga ambao haukumrudisha kwa mjomba wake. Kura ipo, shule ipo, sheria ipo, na bado.

Kwa hiyo mkiwa wachache, kabla hamjamchagua kiongozi, chagueni watu wawili au watatu ambao mtoto yeyote anaweza kwenda kwao usiku, wasiwe wa nyumba moja, na neno lao liwe juu ya la kiongozi katika jambo hilo. Mtoto wenu akiogopa kusema, hayo mashamba na mbegu mmemwekea nani?

13. Anzeni shule hata kama kitabu ni kimoja

Edward Young, mwasi aliyekufa kwa pumu mwaka 1800, alikuwa na elimu. Inasimuliwa kwamba katika miaka yake ya mwisho alimfundisha John Adams kusoma vizuri, kwa Biblia iliyotoka kwenye merikebu. Adams, baharia aliyekuwa hajasoma, ndiye akawafundisha watoto wote wa kisiwa. Kumbuka kwamba mikono ya wawili hao ilikuwa na damu ya Quintal. Watoto waliofunzwa nao wakakua hawapigani. Wageni waliofika baada ya 1808 waliandika kwa mshangao kuhusu upole wao.

Walizungumza lugha waliyoiunda wenyewe, Kiingereza cha baba kikichanganyika na Kitahiti cha mama, na inazungumzwa mpaka leo, huko na katika kisiwa cha Norfolk walikohamia wengi wao mwaka 1856. Majina mengi ya samaki na mimea yalitoka kwa mama zao, kwa sababu mama ndio waliowaonyesha.

Wa mwisho kufa kati ya waliofika na Bounty alikuwa Teraura, mwaka 1850. Alikuwa binti mdogo tu siku merikebu ilipochomwa, na alikuwapo kisiwani mauaji yote yalipotokea. Siku wanamzika, kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 100, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amezaliwa wakati yeye anashuka ufuoni.